Mji Usio na Mshindi

Mpwa wangu ana mji ndani ya simu. Jana jioni alikuwa anasubiri ghorofa yake ikamilike. Kwenye kioo sekunde zilikuwa zikipungua, na pembeni kitufe kinamwambia kwamba akilipa kidogo tu, ghorofa itasimama papo hapo. Nikamuuliza: maji ya mji wako yanatoka wapi, na taka zinakwenda wapi? Hakujua, na mchezo wenyewe haukuwa na haja ajue. Akaweka simu chini hadi kengele itakapomwita tena.

Nilisikia uchungu, kwa sababu kazi ya kuunda miji ya namna hii ilianza na watu wenye adabu kubwa zaidi kwa akili ya mtoto. Mwaka 1984 Mmarekani Will Wright alitoa mchezo uitwao Raid on Bungeling Bay, wa helikopta inayolipua visiwa vya adui. Katika kuutengeneza aligundua kwamba anafurahia zaidi kuvipanga visiwa vile, pamoja na barabara na viwanda vyake, kuliko kuvilipua. Wengi wangecheka na kuendelea na mabomu yao. Yeye alikwenda kusoma. Akafika kwa Jay Forrester, profesa wa MIT, ambaye mwaka 1969 alichapisha Urban Dynamics, kitabu kilichojaribu kuueleza mji kwa hesabu: nyumba zinavyochakaa, kazi zinavyokuja na kuondoka, watu wanavyohamia na kuhama. Kutokana na masomo hayo ikazaliwa SimCity, iliyotoka mwaka 1989 baada ya kusota. Kampuni ya Broderbund, ambayo baadaye ndiyo iliyoisambaza, mwanzoni haikuona mchezo usio na mshindi wala mshindwa utauzwaje.

Ufundi wake ulikuwa katika kuchagua. Mji wa kweli una mambo yasiyohesabika, na kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu finyu mno. Ilibidi fundi aamue ni kanuni zipi chache ambazo, zikiachiwa zikutane zenyewe, zitazaa kitu chenye tabia za mji. Kiwanda kinashusha thamani ya ardhi jirani. Bustani na ukingo wa maji vinaipandisha. Kodi ikizidi, wahamiaji wanapungua. Ukipunguza fungu la matengenezo ya barabara ili hazina ionekane imenona, hakuna anayekukemea siku hiyo. Muda unapita, kisha vipande vya barabara vinaanza kutoweka kimoja kimoja, na mtaa uliokuwa umechangamka unapoa. Mtoto aliyekwisha kuyaona hayo kwa maamuzi yake mwenyewe hawezi tena kuisikiliza hotuba ya bajeti kwa sikio lilelile.

Ila mimi kilichonikaa moyoni ni kitabu. Siku hizo mchezo uliuzwa kwenye boksi, na ndani ya boksi, pamoja na diski, mlikuwa na kitabu cha maelekezo. Cha SimCity nilikisoma kabla sijaugusa mchezo wenyewe, kwani kompyuta ilikuwa ya mjomba na zamu yangu haikufika upesi. Nilitegemea kuambiwa bonyeza hapa, bonyeza pale. Hayo yalikuwemo, lakini nyuma yake nikakuta insha nzima ya Cliff Ellis kuhusu historia ya miji na mipango miji, na baada yake orodha ya vitabu vya kusoma zaidi. Sikuwahi kuona bidhaa ya dukani inayomwambia mnunuzi waziwazi: tuliyokuletea ni machache, mengine yako maktaba, nenda.

Fikiria heshima iliyomo humo. Mtu ameuza burudani, amekwisha kulipwa, na bado anaona ana deni la kumwonyesha mtoto ujuzi huu kaupata wapi. Haikuwa bahati ya mchezo mmoja, maana mafundi wale waliendelea hivyohivyo. SimEarth ya mwaka 1990 ilijengwa juu ya nadharia ya Gaia ya James Lovelock, na kitabu chake kilipita kurasa 200, sehemu kubwa ikiwa somo la hewa, miamba na viumbe. SimAnt ya mwaka 1991 ilitokana na kitabu kikubwa cha Bert Hölldobler na Edward Wilson kuhusu siafu na sisimizi. Ukitaka kucheza vizuri, ilibidi usome.

Najua lawama iliyopo, na ni ya haki. Kanuni za SimCity zilifichwa ndani, na kanuni ni maoni ya mtu. Ukijenga kituo cha polisi uhalifu unapungua, nani kasema? Forrester mwenyewe alipingwa vikali alipodai kwamba kujenga nyumba za bei nafuu kwaweza kuudhoofisha mji. Kwa hiyo nilifurahi mwaka 2008 msimbo wa mchezo ule ulipoachiwa huru kwa jina la Micropolis, kwa ajili ya mradi wa kompyuta nafuu za wanafunzi, ambao Rwanda ilikuja kuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoukumbatia zaidi. Sasa mwanafunzi angeweza kuifungua kanuni, kubishana nayo, na kuibadilisha.

Lakini biashara ilikuwa imeshashika njia nyingine. SimCity mpya ya mwaka 2013 ilikataa kuchezwa bila intaneti, na siku za mwanzo mitambo ikazidiwa, mameya wakabaki nje ya miji yao. Mwaka 2015 karakana ya Maxis, kampuni iliyotengeneza SimCity, iliyokuwa Emeryville, California, ikafungwa. Kitabu ndani ya boksi kilikuwa kimekufa zamani, na boksi lenyewe nalo.

Na huku kwetu? Tangu mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa kata za Dar es Salaam zinazofurika walipita mitaani chini ya mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba, wakaziweka ramani hizo wazi kwa yeyote. Msimbo uko wazi, ramani ziko wazi. Mchezo wa bonde la Msimbazi ungeweza kuanzia hapo: mtoto wa Tabata anajenga duka juu ya mtaro, anapokea kodi yake vizuri kabisa, kisha masika yanaingia na anaona maji yameingia nyumba ya nani. Vijana wa kuifanya kazi hiyo tunao. Ninaokutana nao wameajiriwa kutengeneza programu za kubeti na za mikopo ya haraka, na wanazitengeneza kwa ustadi wa kusikitisha.