Msimamizi au Mchujaji? Uhakiki wa Jina la Kazi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta na mitandao zilizoingia katika Kiswahili, zipo zilizojadiliwa sana na wanaisimu, kama vile "tarakilishi" na "kipanya". Ipo moja ambayo, kwa maoni yetu, imepita bila mjadala wa kutosha, nayo ni "msimamizi wa maudhui". Ikisikika redioni, humaanisha mtu anayesoma na kutazama yale ambayo watu wameyaweka Facebook na mitandao mingine, ili aamue kipi kibaki na kipi kiondolewe. Makala haya yanadai kwamba istilahi hiyo inaficha kazi inayoitaja, na kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili upande huu wa Ziwa Tanganyika tuna sababu ya pekee ya kuitilia shaka.

Tuanze na kitenzi chenyewe. "Kusimamia" ni kauli ya kutendea ya "kusimama": anayesimamia jambo husimama juu yake, akaliona lote. Tuna msimamizi wa mirathi, wa mtihani, wa ujenzi. Wote hao wana neno la mwisho, au angalau wana kiti. Sasa tutazame kazi yenyewe. Mwaka 2019 Facebook (kampuni iliyojipa jina la Meta mwaka 2021) ilianza kutumia kituo cha Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, kukagua maandishi na video za lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa jarida la Time wa Februari 2022, baadhi ya wafanyakazi walilipwa takribani dola 1.50 kwa saa, na walitarajiwa kutoa uamuzi katika sekunde 50 hivi, hata kama video ni ndefu kuliko muda huo. Walichokitazama ni mauaji, ubakaji na mateso ya watoto. Walikuwa wametia saini ahadi ya kutotoa siri za kazi. Huyu aliyekalia kiti mbele ya kioo, akihesabiwa sekunde, anasimamia nini? Yeye ndiye anayesimamiwa.

Ipo pia hoja ya kisarufi isiyo ndogo. Kiswahili hutenganisha "kufanya kazi katika kampuni" na "kuifanyia kazi kampuni". Mhandisi wa California anafanya kazi katika Meta. Msomaji wa Nairobi aliifanyia kazi Meta, huku mkataba wake ukiwa na Sama. Hicho kiambishi cha kutendea ndicho kilichopelekwa mahakamani. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyeachishwa kazi mwaka 2019 baada ya kujaribu kuunda chama cha wafanyakazi, alifungua kesi Nairobi mwezi Mei 2022. Sama ilitangaza Januari 2023 kwamba inaiacha kazi hiyo, na Machi mwaka huo wafanyakazi wakafungua kesi yao, ambayo ilikuja kuwa na walalamikaji 184. Meta ilijitetea kwamba haikuwa mwajiri wao na kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo ya uwezo. Mwanafunzi anayeuliza kauli ya kutendea ina faida gani nje ya darasa amepata mfano.

Lakini linalotugusa zaidi hapa Lemera ni lugha inayosomwa. Facebook ilitaja "Kiswahili" kana kwamba ni kimoja. Tofauti za umbo hazileti shida kubwa: Mkenya akiona "batu banasema" atang'amua kwamba ni "watu wanasema". Hatari iko katika maana. Neno "mgeni" pwani lina methali yake ya ukarimu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Katika bonde la Ruzizi na milima yake, ndani ya ugomvi wa miaka mingi juu ya uraia wa Banyamulenge, "mgeni" limekuwa neno la kumtoa mtu nchini, na "warudi kwao" si salamu za safari. "Mzalendo" katika kamusi ni mwenye kuipenda nchi yake. Katika Kivu, tangu miaka ya 2022 na 2023, Wazalendo ni wapiganaji wenye bunduki. Sentensi yenye neno hilo yaweza kuwa sifa, onyo au mwito wa kukusanyika, na hakuna kamusi sanifu itakayomwambia msomaji ni lipi. Lemera inajua maneno yanaweza kutangulia nini: tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali yetu, ambako Daktari Denis Mukwege alikuwa mganga mkuu. Kumpa mtu sekunde 50 aamue juu ya "mgeni" ni kumtwisha mzigo ambao wataalamu wa lahaja wangeomba wiki nzima kuubeba.

Wengine wamependekeza "mkaguzi". Ni afadhali, ila mkaguzi huandika ripoti akaenda zake. Sisi tunapendekeza "mchujaji". Chujio hupitisha kilicho safi, na taka hubaki juu yake. Desemba 2024 ilijulikana kwamba zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao wa Nairobi walikuwa wamepimwa na Daktari Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wakakutwa na maradhi ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha. Atakayepinga atasema neno letu linamfanya mtu kuwa chombo. Ni kweli, na hatuoni kwamba hilo ni kosa la neno.

Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya tasnifu wangeweza kukusanya, kutoka Uvira hadi Lemera, maneno ya Sanifu yaliyobadili maana kwa vita, kila moja likiwa na mwaka na mazingira yake. Orodha fupi ya kurasa kumi ingetosha kwa mwanzo. Ipelekwe kwanza kwa wachujaji wenyewe: Mei 2023, jijini Nairobi, zaidi ya 150 kati yao waliazimia kuunda chama.