Nafasi Moja Kabla ya Mabano

Tazama mistari hii miwili:

/nyaraka pwani(rw)
/nyaraka pwani (rw)

Mpita njia ataona mstari mmoja ulioandikwa mara mbili. Seva ya Linux, inapousoma katika faili la /etc/exports, orodha ya saraka zinazoshirikiwa mtandaoni, inaona mambo mawili yasiyopatana. Mstari wa kwanza unaipa kompyuta iitwayo pwani ruhusa ya kusoma na kuandika katika saraka ya nyaraka. Wa pili unaiachia pwani kusoma tu, kisha unawafungulia walimwengu wote kusoma na kuandika. Kilichobadilika ni nafasi tupu. Sisi tunaijua nguvu yake: “nakuja” si “na kuja”. Ila msomaji wa Kiswahili huokolewa na muktadha, na faili hili halina muktadha. Mabano yakitengana na jina hukosa mwenyewe, na ruhusa isiyo na mwenyewe huwa ya kila mtu.

Utungo wa namna hii unastahili umakini ule tunaoupa shairi, ambamo mizani ikipungua moja ubeti umeumia.

Linganisha na Solaris, mfumo uliotungwa na Sun Microsystems, kampuni iliyobuni NFS, njia hii ya kushiriki saraka mtandaoni, mwaka 1984. Katika faili lake la zamani la dfstab jambo hilo hilo liliandikwa hivi:

share -F nfs -o rw=pwani /nyaraka

Hapa kitenzi kimetangulia. Hii ni amri, ilhali Linux huorodhesha majina tu. Tena ruhusa na mpewaji vimefungwa na alama ya usawa vikawa neno moja. Kwa umbo, naona huu ndio mstari bora.

FreeBSD nayo huandika:

/nyaraka pwani

Neno rw halimo, wala halihitajiki. Mwandishi asiposema lolote, FreeBSD huelewa kusoma na kuandika. Anayetaka kuzuia ndiye huongeza -ro, yaani kusoma tu. Katika Linux ukimya huo huo maana yake ni kusoma tu. Fundi anayetoka mfumo mmoja kwenda mwingine hubeba msamiati na kuusahau ukimya, na hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa. Kanuni ya NFS iliyochapishwa mwaka 1989, RFC 1094, ilieleza jinsi mashine zinavyozungumza mtandaoni, lakini haikuweka umbo la faili hili. Kila mfumo ukajitungia lahaja yake.

Linalonisikitisha zaidi ni onyo la Linux yenyewe. Ikikuta mabano yasiyo na jina, husema hakuna jina la kompyuta, kisha hushauri uweke kinyota mbele yake ili onyo liondoke. Kinyota maana yake ni kila mtu. Ushauri huo unasahihisha sarufi na kuhalalisha kosa. Ulipaswa kuuliza kama nafasi ile ilikusudiwa.

Kwa hiyo pwani ikilalamika kwamba mfumo wa faili ni wa kusoma tu, nawe una hakika uliandika rw, usianze na kebo, swichi wala chmod. Endesha exportfs -v kwenye seva, usome kile seva ilichoelewa, ukilinganishe na ulichokusudia herufi kwa herufi, na nafasi kwa nafasi.