OIDA: KUONA NA KUJUA KATIKA MFALME EDIPODE

Sisi wanafunzi wa fasihi tukihakiki tamthilia hukimbilia dhamira na wahusika, vitenzi tukawaachia wanaisimu. Tamthilia ya Sophocles, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la Mfalme Edipode (1971), inaonyesha hasara ya mtindo huo.

Katika Kigiriki cha kale, "najua" ni oida. Kwa umbo, kitenzi hiki ni cha hali timilifu. Kwa maana, ni cha wakati uliopo. Mzizi wake ni ule ule wa eidon, yaani "niliona". Ajuaye, basi, ni mtu aliyekwisha kuona, na matunda ya kuona kwake bado anayo.

Wapo wanaodai kwamba mambo haya hayaelezeki ila kwa Kiingereza. Si kweli hata kidogo! Tunaposema "amelala" au "amesimama", si tunaeleza hali ya sasa kwa kiambishi -me-? Mgiriki naye husema hesteka, "nimesimama", na tethneke, "amekufa". Mwingereza ndiye apataye taabu hapo. Lakini tuwe waangalifu: ukitafsiri oida kwa "nimejua" umepotoka, maana "nimejua" kwetu ni habari ya kugundua sasa hivi. Oida ni "najua" tu.

Je, kwa nini basi tujisumbue na umbo? Kwa sababu mgogoro wa tamthilia umekaa humo. Edipode ana macho, wala hajui. Tiresias ni kipofu, naye anajua. Katika ugomvi wao, Edipode anajiita kwa kejeli mtu asiyejua kitu ambaye hata hivyo alitegua kitendawili cha Sphinx. Hapo Sophocles anaweka eidos, "mwenye kujua", ubavuni mwa jina Oidipous. Jina hilo hufasiriwa "mguu uliovimba", ila sikio la Mgiriki lilisikia oida ndani yake. Kejeli inamrudia msemaji: kweli hajui, hata wazazi wake hawajui. Siku anapojua, anajitoboa macho.

Katika tafsiri, "jua" na "ona" huweza kusomeka kama maneno yasiyo na udugu. Hata hivyo Kiswahili hakijashindwa. Si twasema "naona umechoka" na "waonaje?" tukikusudia akili, wala si jicho? Mfasiri ajaye akitumia "ona" kila muktadha unaporuhusu, uzi huo hautakatika, na msomaji ataelewa kwa nini Edipode aliadhibu macho, asiadhibu ulimi wala mikono iliyoua.