Bustani ya Kampala Inavyochanua Desemba na Januari

Kampala iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na haina majira ya baridi. Mwishoni mwa Desemba mchana wa London hautimizi saa 8. Wa Kampala hubaki saa 12 na dakika chache, kama ulivyokuwa Juni. Kinachobadilika ni maji. Mvua za Septemba hadi Novemba zikikatika, kiangazi huingia mpaka Machi, na maua ya nyumbani huchanua au hukoma kulingana na jinsi mtunza bustani anavyougawa unyevu uliobaki.

Bogenvilia ndiyo inayofaidi ukavu huo. Asili yake ni Amerika Kusini. Kile kinachoonekana kama ua, cha zambarau, chekundu au rangi ya chungwa, ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vibomba vidogo vyeupe vilivyojificha katikati yake. Mizizi ikikosa maji kiasi, mmea huacha kurefusha matawi na kuanza kuchanua. Kwa kuwa maua hutokea kwenye matawi machanga, mmea hupogolewa mvua zikiwa bado zipo, huachwa uchipue, kisha hunyimwa maji. Kuumwagilia kila jioni kwa huruma ni kuutakia mabaya: mmea mzima hubaki kijani kitupu. Samadi nyingi ya kuku, yenye naitrojeni tele, huleta hasara ileile.

Waridi hutaka kinyume chake. Tawi hukatwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, na maua mapya hufika baada ya wiki sita hadi nane. Anayekata mwanzoni mwa Novemba huyapata Krismasi. Maji humiminwa shinani asubuhi, taratibu, mpaka yazame. Majani yanayolala yamelowa hushikwa na madoa meusi. Juu ya udongo hutandazwa maganda ya kahawa, ambayo Uganda inayo kwa wingi, yakiachwa mbali kidogo na shina lisije likaoza.

Hibiskasi haina shida kubwa: kila ua huishi kama siku moja tu, lakini matumba hufuatana mradi mmea haukauki kabisa.

Poinsetia yenye majani mekundu huhitaji jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni giza lisilokatizwa usiku kucha. Ikipandwa chini ya taa ya ulinzi getini, huweza kukaa kijani mwaka mzima hata ikitunzwa vizuri namna gani. Dawa ni kuihamishia nyuma ya nyumba.

Bogenvilia na waridi, basi, zisipandwe kwenye tuta moja. Maji yanayoiokoa moja huinyima nyingine maua.