Hongo Mmoja, Hongo Wengi: Tamthilia ya Kinjeketile na Mapigano ya Awali ya Bonde la Kilombero

Uhakiki wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kwa muda mrefu umezunguka swali moja: je, maji yalikuwa kweli au uongo? Swali hilo lina msingi katika matini, kwa kuwa uzito wa kitamthilia umewekwa kwa mtabiri anayelemewa na neno alilolitoa mwenyewe. Hata hivyo, linawaacha kando watu walioyapima maji vitani mbali na Ngarambe.

Mfano ulio wazi ni wa Bonde la Kilombero. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kabla ya mwezi huo kwisha, Wambunga walikuwa wamekishinda kikosi kidogo cha askari wa Kijerumani huko Ifakara, mji ambao leo Katindiuka ni mojawapo ya kata zake. Tarehe 30 Agosti, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, ng'ambo ya mto, wakafyekwa kwa bombomu. Waliosalia waliizingira boma hiyo mpaka msaada ulipofika kutoka Iringa mwezi Septemba.

Mfuatano huu una maana kwa mhakiki. Kwa aliyetoka Ifakara kuelekea Mahenge, maji hayakuwa ahadi tupu. Yalikuwa yameshapata ushahidi. Imani yake ilijengwa juu ya ushindi alioushuhudia. Kuiita imani hiyo ujinga, au kuisifu kama umoja wa kitaifa uliotangulia wakati wake, ni kuruka hatua muhimu: kipindi ambacho neno lilithibitishwa na tukio kabla ya kukanushwa na tukio jingine.

Tamthilia inakibana kipindi hicho, na chanzo kimojawapo ni cha kileksika. Katika Kinjeketile, Hongo ni nomino ya pekee: ni pepo anayemchukua mtu mmoja, katika mto mmoja, na kumrudisha na ujumbe. Katika masimulizi ya vita, neno hilohilo lilitumika pia kama nomino ya kawaida. Hongo alikuwa mjumbe aliyebeba dawa kutoka jamii moja hadi nyingine, na wajumbe wa aina hiyo walikuwa wengi. Wamatumbi walikuwa na neno njwiywila kwa habari iliyopenyezwa kwa siri. Maneno haya mawili yanataja mtandao, si nabii. Bila mtandao huo hakuna njia ya kueleza jinsi Wambunga walivyoingia vitani ilhali mtabiri wa Ngarambe alikwisha kuuawa.

Hapa ndipo uteuzi wa Hussein unapozaa faida na hasara kwa pamoja. Kwa kumfanya Hongo kuwa mmoja, anapata mgogoro wa ndani wenye nguvu ya tanzia: Kinjeketile akiwa kifungoni anakataa kuyakana maji kwa kuwa neno limeshakuwa kubwa kuliko yeye. Lakini hadhira haioni neno hilo likikua. Linakua nje ya jukwaa, katika Kipogoro, Kimbunga na lugha nyingine, vinywani mwa watu wasio na majina. Msomaji wa leo, ambaye hongo kwake ni rushwa, anazidi kuachwa mbali na maana hiyo ya mjumbe.

Hussein hakudai kuandika historia, na haistahili kumlaumu kwa kuiacha Ifakara. Lawama, kama ipo, ni ya uhakiki na ufundishaji ambao umeichukua tamthilia hii kuwa picha kamili ya vita. Matokeo yake ni kwamba kushindwa kunasomwa kama kosa la imani, wakati Mahenge inaonyesha tofauti kubwa ya silaha. Usomaji wenye haki zaidi utamrudisha hongo katika wingi wake, na kuuliza si tu kama neno lilikuwa kweli, bali nani walilibeba, kwa lugha zipi, na walikuwa na sababu gani za kuliamini.