Vitabu vitatu juu ya mto wetu: nani alijua mila?

Katika kijitabu hiki tunazoea kusoma mila kama vile wazee wanazisimulia: ndoa, mazishi, uvuvi, ngoma. Mara hii naomba ruhusa ya msomaji nizungumze juu ya mila kama nilivyozikuta ndani ya vitabu vya wageni. Nimemaliza kusoma vitabu vitatu, na vyote vinapita hapa kwetu Kisangani ao karibu yake. Nitasema wazi vile vilivyonifanyia, kwa sababu mwalimu akisifu kila kitabu, wanafunzi hawamwamini tena.

Cha kwanza ni Au cœur des ténèbres cha Joseph Conrad, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1899. Conrad mwenyewe alifika Stanley Falls mwezi wa 9 mwaka 1890, ndani ya mashua Roi des Belges. Kitabu kinasifiwa dunia nzima, nacho kinashitaki kweli unyama wa wale waliokuja kutafuta pembe. Hilo silikatai. Lakini kilinichosha. Watu wa mto wanapita ndani yake kama vivuli: mikono, macho, kelele. Ngoma inalia usiku, na msimuliaji anaogopa, lakini haulizi inasema nini. Na ilikuwa inasema! Walokele wa upande wa Isangi walikuwa wanatuma habari kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa maneno mengi yanafanana kwa sauti, mpigaji hapigi neno moja, anapiga fungu zima la maneno ili msikilizaji asikosee. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, alijifunza kuipiga yeye mwenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Basi, mgeni akitaka kusikia, anaweza.

Cha pili ni À la courbe du fleuve cha V. S. Naipaul, cha mwaka 1979. Mji hauna jina, lakini mutu wa Kisangani anautambua upesi. Nilikisoma siku tatu, na siku mbili kati ya hizo nilikuwa na hasira. Naipaul anaona vizuri kuliko Conrad. Salim, Mhindi wa pwani, iko na duka. Mama Zabeth anakuja kwa mtumbwi kununua bidhaa za kijijini kwake. Mtoto wake Ferdinand anasoma lise. Zabeth iko na jina, iko na akili ya biashara, hata harufu ya dawa zake za kujikinga tunaijua. Ila kijijini kwake hatufiki. Tunabaki dukani, tunamtazama akiondoka.

Sehemu iliyonikamata ni ile ya padiri Huismans, mkubwa wa lise, anayekusanya vinyago. Anavipenda kweli, anajua maana yake katika dini ya watu. Lakini anauawa katika safari yake moja, na nyuma yake vinyago vinaanza kuibwa. Kijana mmoja Mmarekani anabeba vingi kwenda kwao. Niliweka kitabu chini, nikafikiri: padiri alihifadhi, lakini alimhifadhia nani? Ferdinand na wenzake walikuwa hapo hapo katika lise, na ule mkusanyo haukuwa wao.

Cha tatu njo kilichonisumbua zaidi: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyekuwa gavana wa Stanley Falls kwa jina la serikali ya Léopold kuanzia mwaka 1887. Aliandika kwa Kiswahili. Mdachi Heinrich Brode akayatoa Berlin mwaka 1902 na 1903, na mwaka 1974 François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa. Ni kitabu kitamu, siwezi kuficha. Hakuna vivuli hapa. Machifu wako na majina, vijiji viko na majina, pembe ziko na uzito wake.

Kuna kisa kimoja cha huko juu ya mto, upande wa Watetela. Alisikia kwamba wanawake wawili wa ukoo wa chifu Kasongo Rushie walitekwa zamani katika vita. Akaenda, akajifanya mjukuu wa mmoja wao. Mzee akampokea kama mtoto wa nyumba, akamwachia utawala, na pembe zikamfuata. Anasimulia bila haya, na msomaji anacheka. Kisha kicheko kinakauka. Mzee yule hakuwa mjinga: alifuata mila, kwamba mtoto wa binti aliyepotea akirudi, mlango unafunguliwa. Tippu Tip aliijua mila hiyo vizuri, na kwa mila hiyo akauiba mji.

Hapa njo ninataka kufika. Conrad hakujua mila, akaziogopa. Huismans wa Naipaul alizijua, akazifungia ndani ya chumba. Tippu Tip alizijua kuliko wote, akazitumia kama funguo ya mwizi. Sisi wa chama cha utamaduni tunapenda kusema: tukusanye mila, tuziandike, zisipotee. Ni vizuri, lakini haitoshi. Kujua mila ya mutu siyo kumheshimu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama basi tuache na Kiswahili, kwa kuwa kilikuja na misafara ya watu kama huyo. Nilimjibu hapana. Wamama wa soko la Kisangani wamekisema miaka zaidi ya mia moja, wamekifinyanga upya. Ni chao sasa.

Lakini katika vitabu vyote vitatu sikukuta mvuvi mmoja wa Wagenia akieleza mwenyewe namna anavyosimamisha miti kwenye mawe ya maporomoko na kufunga kikapu chake. Tukienda kumwandika sisi, tumwandike kwa jina lake akikubali, na mbele ya kupiga chapa turudi kumsomea. Akisema "siyo hivyo", tufute, tuandike tena. Na kitabu cha kwanza kikitoka, kibaki kwake.