Mzazi Asiyesikika: Ulezi wa Mtoto Mwenye Ulemavu katika Kidagaa Kimemwozea

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), huhakikiwa zaidi kwa upande wa uongozi mbaya. Si ajabu, kwani Mtemi Nasaba Bora ndiye aitawalaye Sokomoko. Lakini nyumbani kwa nduguye, Mwalimu Majisifu, limo suala jingine ambalo aghalabu hupitiwa juu juu, nalo ni hali ya wazazi wenye watoto walemavu.

Uhakiki uliozoeleka hueleza kwamba Majisifu huwaonea watoto wake haya na kukimbilia ulevini, Dora mkewe hulalamika, naye Imani, mtumishi wa nyumbani, huwatunza kwa upendo. Dhamira, tunaambiwa, ni kukemea ubaguzi. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Yanamfanya mtoto kuwa mizani ya kupimia tabia za watu wazima: Majisifu anashindwa, Imani anafaulu, na manung'uniko ya Dora yanahesabiwa kuwa upungufu wa mapenzi. Makala haya yanashikilia kwamba manung'uniko hayo ni dai. Dora hawakatai wanawe. Anaukataa upweke wa kuwalea.

Riwaya hii ilitahiniwa katika Kidato cha Nne nchini Kenya kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, na hivyo ikasomwa na wanafunzi wa Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu. Msomaji wa huko hayuko mbali na jambo lenyewe. Tumutumu na Kerugoya zipo shule za watoto viziwi. Lakini shule humpokea mtoto aliyekwisha fikia umri wa kusoma. Miaka ya awali hubaki kuwa ya mama, mtoto akiwa mgongoni naye akichuma chai au kahawa. Mwaka 1984 serikali, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi. Mwaka 2011 ulianza mpango wa fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote, na kiasi kilichozoeleka kikawa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, lakini kanuni yake ni kubwa: kwamba ulezi huo ni kazi, na jamii ina sehemu yake ya kuibeba. Tomoko haina kanuni hiyo. Huko msaada huja kwa bahati, msichana mwema anapobisha hodi. Hapa ndipo penye udhaifu wa riwaya: suala la haki limegeuzwa kuwa suala la hisani.

Upande wa lugha nao wafaa kutazamwa. Wako wanaoilaumu ngeli ya ki-/vi- katika maneno kama kilema, kiziwi na kipofu, wakidai kwamba yanamshusha mtu na kumfanya kitu. Kigikuyu nacho kina kĩonje, wingi cionje, kwa umbo kama hilo. Hata hivyo, kiongozi na kijana wana kiambishi kicho hicho, na upatanisho hukataa kumtoa mtu katika utu: kiziwi anasoma, viziwi wanasoma. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka mtu mwenye ulemavu atajwe kwa namna isiyomdhalilisha, na hilo ni jema. Lakini mzazi hajapata jina. Mitaani bado ni "mama wa kilema", naye hutambulikana kwa kasoro ya mwanawe badala ya kazi aifanyayo.

Hatuna budi kumtendea mwandishi haki. Walibora aliufungua mlango wa nyumba ambayo wengi wangependelea ibaki imefungwa. Ni juu ya mhakiki na mwalimu kuingia ndani. Mwanafunzi asiulizwe tu Majisifu ana makosa gani. Aulizwe pia Dora alihitaji nini, na ni nani aliyepaswa kumpa. Swali hilo la pili huenda likasikiwa darasani na mwanafunzi aliyemwacha mdogo wake nyumbani katika hali iyo hiyo.